Mfuko wa Marikani

Kaka yangu alikuwa amekwisha nunua sanda yake. Niliikuta siku nilipokuwa natafuta patasi katika sanduku lake la vifaa: marikani nyeupe, imefuliwa, imekunjwa vizuri, inanuka udi, imelazwa chini kabisa, chini ya randa na misumeno. Niliifunika kama nilivyoikuta, sikumwambia kitu. Lakini tangu siku ile, kila alipokohoa niliacha ninachofanya, nikasikiliza mpaka kikohozi kiishe.

Tulikuwa maseremala wawili, watoto wa mama mmoja. Karakana yetu ilikuwa Muhima, mjini Kigali, kwenye mteremko unaoshuka Nyabugogo, kuta zake mabati, sakafu saruji. Yeye alinitangulia kuzaliwa na kunitangulia katika kazi, na ndiye aliyenifundisha kushika randa kama vile alivyonifundisha kutia udhu: polepole, bila kuruka kitu. Mbao tuliyoifanyia kazi zaidi ilikuwa libuyu, ile mbao ngumu inayotoka Kongo, ambayo unga wake ni mwembamba kama poda na unawasha koo. Miaka yote ile unga huo ulikuwa ukimwingia. Daktari alimwambia maneno machache: achague, mbao au pumzi. Kaka yangu alirudi nyumbani, akaswali alasiri, akasema, "Kazi nyingine siijui." Nadhani wiki hiyo hiyo ndipo aliponunua ile marikani.

Ilikuwa miaka ya vita. Vita yenyewe ilikuwa kaskazini, mpakani, lakini hofu yake ilikuwa imekwisha fika mjini na kupanga chumba. Kulikuwa na vizuizi barabarani na askari waliotazama vitambulisho. Mlango ukibamizwa na upepo, watu waliinama. Sisi Waislamu wa Kigali tulikuwa na hofu moja zaidi, nayo ilikuwa lugha yetu. Ilisemekana kwamba wale waliokuwa wakipigana kule mpakani walizungumza Kiswahili, basi lugha tuliyosemeshwa na mama zetu, tuliyosomea darasa la dini, ikawa lugha ya kutiliwa shaka. Barabarani tulijifunza kuinong'ona. Ndani ya karakana tulijisahau.

Mashine ilitujia kwa sababu ya vita hiyo hiyo. Mzungu mmoja aliyekuwa na karakana aliogopa, akafunga, akaondoka, na vitu vyake vikagawanyika kwa mafundi. Sisi tulipata kombine. Hilo ndilo jina tulilolijua: mashine moja yenye kazi nyingi. Upande mmoja msumeno wa duara, katikati randa yenye visu vinavyozunguka, pembeni mahali pa kutobolea. Mota ni moja, na unachagua kazi kwa kuhamisha mkanda. Pamoja nayo ilikuja feni kubwa ya chuma yenye mota yake, ya kunyonya unga wa mbao kupitia bomba la bati na kuusukuma ndani ya mfuko.

Niliitazama ile feni kuliko nilivyoitazama mashine. Msumeno wa mkono unaangusha unga miguuni. Mashine inaurusha hewani, chumba kizima kinakuwa ukungu. Kama feni ingefanya kazi, kaka yangu angebaki katika kazi yake na pengine katika uhai wake. Kama isingefanya kazi, mashine ile ingemmaliza upesi kuliko misumeno yetu yote. Nilimwomba Mungu juu ya chombo cha chuma, na sioni aibu kusema hivyo.

Mfuko wake wa zamani ulikuwa umeliwa na panya. Tulijaribu gunia, tukauona unga ukipenya kama maji kwenye chujio. Tulijaribu turubai la plastiki, lakini hewa haikupata pa kutokea, na mfuko usiopumua hufanya feni nayo isivute. Ilitakiwa nguo iliyofumwa kwa kubana, lakini inayopitisha pumzi. Madukani haikuwepo, barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa na vita na bidhaa zilikuja kwa shida. Kaka yangu alinisikiliza nikieleza haya yote. Kisha akaenda kwenye sanduku lake, akatoa vifaa kimoja kimoja akavipanga sakafuni, akanipa ile marikani.

"Peleka kwa fundi cherehani," alisema.

"Kaka, hii ni..."

"Najua ni nini. Niliinunua mwenyewe. Peleka."

Fundi cherehani alikuwa mzee wa Biryogo aliyetushonea kanzu tangu utotoni. Aliinua nguo puani kabla ya kuipima.

"Inanuka udi. Nani amefariki?"

"Hakuna."

"Basi mbona mnataka nishone mfuko? Maiti haitiwi mfukoni, kijana. Mmesomea wapi nyinyi?"

Nilimweleza. Alirudisha mguu wake juu ya kanyagio la cherehani. "Mwambie kaka yako nimeshona mishono miwili miwili," alisema aliponirudishia. "Na mwambie nimesoma dua kila nilipofika kwenye kona."

Kuiweka mashine sawa ilikuwa kazi ya subira, na subira kaka yangu alikuwa nayo. Tuliipima kwa pima maji, tukatia kabari chini ya miguu yake, tukapima tena. Visu vya randa alivipanga mwenyewe kwa kijiti chake. Kilikuwa kijiti cha libuyu, kimenyooka kama uzi, alichokichonga kabla sijaanza kazi. Unakilaza juu ya meza ya mashine, unazungusha visu kwa mkono, na kila kisu kinapaswa kukisukuma kijiti mbele kidogo, kwa kipimo kile kile. Kisu kimoja kikikisukuma zaidi ya kingine, unaanza upya. Alianza upya mara nyingi. Alipotosheka alikiweka kijiti juu ya meza upande wa msumeno, akajipangusa mikono, akakohoa, akasema Alhamdulillahi.

Fundi wa umeme alikuwa mtu wa Bukavu, mcheshi, aliyemwita kaka yangu Muzee ingawa hawakupishana sana kwa umri. Umeme wa mashine zile ni wa nyaya tatu, na nyaya tatu zina tabia yake: ukizifunga mbili kinyume, mota inazunguka kinyume. Ukiitazama haikuambii. Mpaka uijaribu. Sanduku la swichi lilikuwa nje, kwenye ukuta wa mwenye nyumba, kwa hiyo yeye angekuwa nje na sisi ndani, na bati katikati yetu.

"Napandisha mukono wa swichi, nashusha hapo hapo," alituambia. "Mashine na feni zote zitaruka kidogo tu. Muangalie iko nazunguka upande gani. Mukisema kulia, ni muzuri, napandisha tena naiacha. Mukisema kushoto, nageuza nyaya."

"Na ikitupa kitu?" nilimwuliza.

"Musumeno unatupa mbele, kwa mwenye kusukuma. Musisimame mbele. Muzee akae nyuma, karibu na bomba. Nyuma hakuna kitu."

Tukampanga kaka yangu nyuma. Alishika kiungo cha bomba ambacho kilikuwa hakijakazwa, mfuko mweupe ukining'inia juu ya kichwa chake kama kanzu kwenye kamba. Mimi nilisimama ubavuni, nikasoma bismillahi, nikapaza sauti kwamba tuko tayari.

Mashine iliruka na kutulia. Niliona vizuri: ilikuwa imezunguka kushoto. Lakini mkanda ulikuwa haujakazwa sawasawa, ukapiga yowe kama mbuzi, na kaka yangu, ambaye sikio lake lilikuwa kwenye yowe lile, alitangulia kusema. Alisema kwa Kiswahili chetu cha Kigali, kwa sauti ya kifua kilichoziba:

"Iko inalia!"

Nje ya bati fundi wa Bukavu alisikia, "Iko kulia." Akafurahi. Akapandisha mkono wa swichi, akauacha.

Mdomo wangu ulikuwa umefunguka kusema kushoto, lakini ngurumo ililimeza neno. Mashine ilitetemeka juu ya kabari zake, na kwa mtetemeko ule nilikiona kijiti cha kaka yangu kikitembea juu ya meza, taratibu, kikielekea kwenye meno. Msumeno ulikuwa unazunguka kinyume. Usingetupa mbele, tulipopaogopa. Ungetupa nyuma.

Mlio ulikuwa mmoja. Sijui namna nyingine ya kuuandika ila kwamba ulikuwa mlio wa bunduki. Nje fundi alishusha swichi kwa hofu. Mashine ikaanza kupoteza mwendo, na katika ule ukimya uliokuwa ukirudi nilisikia barabara nzima ikikimbia: viatu, mabeseni yakianguka, mtu akimwita mtoto. Kaka yangu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo wake kwenye bati, amefumba macho. Karibu na sikio lake kulikuwa na tundu jipya ukutani. Ulimi wangu ulianza shahada peke yake, na sikujua naisoma kwa ajili ya nani.

Alifumbua jicho moja. "Kijiti changu kiko wapi?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Askari wawili wa kizuizi cha barabarani walikuwa mlangoni. Mmoja alibaki pale, bunduki imeelekea ndani. Wa pili, aliyemzidi umri kidogo, aliingia akimsukuma fundi wa umeme mbele yake.

"Nani amepiga risasi?" aliuliza kwa Kinyarwanda. Kisha akageuza lugha, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayetutegea: "Na nani alikuwa anapiga kelele hii lugha?"

Alichukua vitambulisho vyetu. Cha mtu wa Bukavu alikitazama muda mrefu, akakipindua, akakitazama tena. Mcheshi wetu hakuwa na mzaha hata mmoja. Askari alikwenda ukutani akatia kidole katika tundu.

"Bati limekunjikia nje," alisema. "Kitu kimetoka humu ndani."

"Kijiti, bwana mkubwa," nilisema. "Kijiti cha kupimia."

"Kijiti kinatoboa bati?"

Nilijua jinsi ilivyosikika. Kweli yenyewe ilikuwa imevaa nguo za uongo, na sikuwa na nyingine ya kumpa. Wakati huo mama mmoja aliyeuza ndizi ng'ambo ya barabara alijitokeza nyuma ya askari wa mlangoni, ameshika kijiti kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika nyoka.

"Hiki kimeniangukia kwenye ndizi," alisema. "Mngeniua, nyinyi watu wa mbao."

Askari alikipokea, akakipima mkononi, akanusa ncha iliyoungua. Hakukirudisha. Alikitia mkandani mwake, na macho yake yakapanda kwenye bomba la bati, yakalifuata mpaka kwenye ule mfuko mweupe.

"Iki ni iki?" Hiki ni nini?

"Ni mfuko wa vumbi," nilisema. "Feni inanyonya unga wa mbao, inautia humo."

"Washeni nione."

Fundi alipelekwa nje na yule wa mlangoni, akageuza nyaya mbili huku akitazamwa. Niliondoa kila kilichokuwa juu ya meza ya msumeno, nikapapasa kwa kiganja nihakikishe. Mkanda niliukaza kwa spana. Niliogopa kwamba atakosea tena. Niliogopa zaidi kwamba hatakosea, na ngurumo tu ya mashine itamshtua mtu mwenye kidole kwenye kifyatulio cha bunduki. Ndipo kaka yangu, bado ameketi sakafuni, akamwambia fundi kupitia bati, kwa utulivu kama anayemsahihisha mtoto darasani:

"Mwanangu, neno lile tuliache. Ikienda vizuri tutasema iburyo."

Iburyo ni mkono wa kulia kwa Kinyarwanda, na halifanani na kilio cha kitu chochote. Askari alimtazama. Nadhani kulisikia neno la nyumbani kwao kulimlegeza kidogo mabega.

Mashine iliruka ikatulia. "Iburyo," nilisema. Fundi alipandisha swichi.

Mara ya kwanza, katika ghasia ile, sikuwa nimeutazama mfuko. Baadaye fundi alinieleza kwamba feni ya namna ile ikizunguka kinyume haipulizi nyuma; inavuta bado, ila kivivu, na mfuko unanyong'onyea. Sasa ilikuwa inazunguka ipasavyo. Ile marikani ilijikunjua, ikavimba, ikasimama juu yetu imejaa, nene, urefu wa mtu. Askari alirudi nyuma hatua na bunduki ikapanda. Kaka yangu aliinuka, akachukua ufagio, akasukuma unga wa zamani sakafuni mpaka mdomoni mwa bomba. Bomba likaumeza. Tulisikia ukipita juu ya vichwa vyetu na kugonga ndani ya nguo.

"Kuna nini humo?"

"Unga wa mbao, bwana mkubwa."

"Kuna kitu kinagonga."

"Ni maranda. Naweza kuufungua..."

Hakungoja. Alipandisha kisu cha bunduki akauchoma mfuko ubavuni, akavuta chini. Feni ilikuwa bado inasukuma. Unga wote, wa siku ile na ule wa siku nyingi tuliokuwa tumeufagia, ulitoka kwa tundu lile kwa nguvu na kumwangukia kaka yangu usoni.

"Zima!" nilipiga kelele, kwa lugha ile ile. "Zima, zima!"

Ilipozimika alikuwa amepiga magoti. Hakuwa anakohoa, na hilo ndilo lililonitisha. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichoingia. Nilimshika mgongo, nikamwelekeza mlangoni penye hewa. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Chini ya viganja vyangu mbavu zilivuta na kuvuta kama feni iliyofungwa nyaya kinyume. Niliomba. Sikuomba kwa maneno mazuri niliyofundishwa. Nilisema, siyo leo, siyo kwa kitu hiki tulichokiweka ili apone.

Askari alisimama juu yetu, nywele na kope zake nyeupe kwa unga.

"Ana nini?"

"Ni kifua, bwana mkubwa. Daktari alimkataza vumbi. Mfuko huu tumeuweka kwa ajili ya kifua chake."

Pumzi ya kwanza iliingia na sauti nyembamba, kama mluzi wa mtu aliye mbali. Ya pili ikaifuata. Tulikaa wote tukiisikiliza, mimi na askari na mtu wa Bukavu na yule mama wa ndizi, kama watu wanaosikiliza habari kwenye redio. Mwishowe kaka yangu alikohoa, na sijawahi kukishukuru kikohozi kama kile.

Askari alirudisha vitambulisho, cha mtu wa Bukavu kikawa cha mwisho. Mlangoni aligeuka. "Shoneni hiyo nguo," alisema. Akaondoka, na kijiti mkandani.

Kijiti kile ndicho kilichonifanya nisilale vizuri muda mrefu baadaye. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya karakana nilidhani limekuja nacho. Hakikurudi, na askari yule sikumwona tena.

Alasiri ile ile, baada ya sala, kaka yangu aliomba sindano. Alikaa mlangoni akaishona marikani kwa mkono wake, polepole, akipumzika kila baada ya mishono michache.

"Kaka, sanda yenye kiraka haifai," nilimwambia.

"Ndiyo. Basi kwa sasa sina ya kuzikiwa. Shika huku unyooshe."

Tulipowasha tena jua lilikuwa limeshuka upande wa barabara, na mwanga uliingia kwa lile tundu la kijiti, mshale mmoja uliokatiza chumba kizima. Nilipitisha ubao wa libuyu kwenye msumeno. Katika mwanga ule, siku zote, ungeona unga ukicheza kama kundi la wadudu. Nilizima nikatazama. Chembe chache zilipita, zikaenda zake, na mshale ukabaki mtupu. Kaka yangu aliusogelea, akaweka uso wake ndani yake, akavuta pumzi. Mimi nilikuwa nimeizuia yangu.

Hatukuliziba tundu lile. Likawa kipimo chetu: kila alasiri tulitazama mwanga, na ukiwa na vumbi tulizima, tukakung'uta mfuko, tukakagua viungo vya bomba. Na neno kulia halikutamkwa tena katika karakana ile, wala na sisi wala na fundi wa Bukavu alipokuja; tulisema iburyo. Yaliyoufika mji wetu baadaye kila mtu anayajua, nami sitayaandika hapa. Tuliyavuka wote wawili, kwa rehema tu, si kwa ujanja wetu.

Alizikwa miaka mingi baada ya hapo, mzee wa ndevu nyeupe, na si kifua kilichomchukua. Sanda yake niliinunua mimi. Ile ya kwanza ilikuwa bado kazini, na alikuwa ameniusia nisiitoe kwenye bomba.